Viza ya Domingas

Kolwezi, le 9 février 1975

Kwa mudogo yangu Omer,

Jambo. Uko muzima? Huku tuko bazima, mi na batoto bote. Binti yangu Mbelu alishikwa na malaria, ikapita. Mvula ni mingi. Kazi ni ileile, kupakiza majiwe.

Sipendi kuandika mingi, unanijua. Basi sikiliza.

Domingas atafika kwako na treni ya siku ya jeudi. Ule mama wa Angola mwenye anakaa kwangu tangu bibi yangu Bilonda, mama ya batoto, alikufa. Anapika, anafua, anachunga batoto. Haendi kutembea. Ni juu ya karatasi.

Agent wa serkali wa bageni alikuya mu kamp ya kampani, akamukuta pa moto na nyungu ya sombe, majani ya muhogo. Akauliza, huyu ni wa hapa? Nikasema anafanya kazi kwangu, analala mu chumba ya batoto. Akasema mugeni akifanya kazi mu nyumba ya mutu na kulala mule, lazima viza ya kuingia na ruhusa ya kazi. Hana ata moja. Na hawezi kubiomba akiwa huku ndani. Atoke, aombe pa mupaka, patron yake, mwenye kumupa kazi, aandike kama anamutaka, kiisha njo arudie.

Patron njo mi. Mi mwenye kuvaa viatu, bottes ya kupasuka. Nilicheka. Agent hakucheka.

Kampani hainipe konji, siku za kupumzika. We unafanya kazi pa gare ya treni ya Dilolo, pa mupaka, unajua bale bantu ba biro ya bageni. Fwata hii maneno mbio.

Alale kwa Mama Agnès, ule jirani yako wa kuuzisha samaki. Si kwako. We hauna bibi, na bantu bana vinywa.

Ni mutumishi tu. Usifikiri kingine.

Mi yaya yako, kaka yako mukubwa,
Ngeleka


Dilolo, le 27 février 1975

Yaya Ngeleka,

Nakusalimia sana, we na batoto. Mi niko muzima, ni jino tu linanisumbua, upande wa kulia, bukari, ugali yetu, ninatafuna na upande moja kama mbuzi muzee. Mbelu alipona kabisa? Mwambie baba yake mudogo atamutumia asali ya huku.

Domingas alifika muzima. Alishuka mu wagon na kuku mbili za kununua mu njia, Mutshatsha, moja ikamuponyoka, ikaingia mu reli, na shefu wa gare mwenyewe akaikimbilia, kofia yake ya kasketi ku mukono. Tulicheka mpaka machozi. Mama Agnès alimupokea muzuri.

Kesho yake tulienda ku biro ya bageni. Kule bananiita citoyen Kanku sasa, juu serkali ilikataza majina ya kizungu, Omer ni jina ya kufichwa mu mufuko. Shefu wa biro ni mutu wa kuvaa miwani, anaongea polepole. Alisema: patron aandike kontra, mapatano ya kazi, aseme kazi gani. Doktere amupime kifua na damu. Foto. Na patron aonyeshe fasi mugeni atalala, chumba yenye mulango wa kufunga. Na kama atakosa kazi, patron njo atamurudisha kwao, si serkali.

Kiisha akauliza:

— Huyu patron, iko na bibi?
— Alifiwa, shefu.
— Ah! Mwanaume mufiwa, na mwanamuke mugeni, mu nyumba moja. Na anamuita mutumishi.

Bote mu biro bakacheka. Domingas hakusikia kifranse, akacheka nabo pamoja.

Akasema kama hakuna mwanamuke mukubwa mu hiyo nyumba, hatatia muhuri. Lakini kama ni bibi wako, yaya, ile yote inakufa. Bibi wa mutu wa hapa haombi ruhusa ya kazi. Munaolewana, munaandikisha ku commune, ofisi ya muji, basi. Akaniuliza: ni mutumishi ao ni bibi? Nilijibu mutumishi, vile uliniandikia.

Nilijibu sawa? Uniambie, mbele karatasi haijaenda mbali.

Dimanche, siku ya kanisa, alitupikia ile sombe yake na njugu. Sasa ninajua kwa nini batoto yako balinona.

Mudogo yako,
Omer


Kolwezi, le 8 mars 1975

Omer,

Jambo. Tuko bazima. Jino, ling'oe.

Ulijibu sawa. Mutumishi. Andika vile kila fasi.

We unajua sababu. Bakwe bangu, ndugu za Bilonda, habajanitosha mu kilio. Kitambaa meusi ya kilio iko ku mukono yangu. Kazadi, kaka ya Bilonda, anakuya kila dimanche. Anaikala pa kiti, anaangalia nyungu, anaangalia kitanda. Akisikia neno "bibi" mu kinywa yangu mbele banifungule kilio, atasema mi njo nilimuua dada yake. Atachukua batoto. Yule hana mizaha.

Mwanamuke mukubwa wa mu nyumba, nimepata. Nilimuita mama mudogo wetu, Mbayo, wa Mutshatsha. Alifika na gunia ya makala na kikohozi. Anaikala. Shefu atie muhuri.

Kontra, nilitia kidole na jina. Iko mu hii bahasha. Banza wa treni ataileta.

Sasa we. Nilisema alale kwa Agnès. Sombe alipikia wapi? "Alitupikia." Nani na nani?

Kama anapenda kupika, apikie Agnès.

Foto bakipiga, moja unitumie.

Yaya yako,
Ngeleka


Dilolo, le 2 avril 1975

Yaya,

Habari ya huko? Mama mudogo Mbayo anakohoa nini, ni vumbi ya makala? Mupe maji ya moto na asali, ninatuma chupa na Banza. Jino niling'oa, asante ya shauri. Nililia kama mutoto, na Domingas njo alinishika kichwa, juu muganga alikosa musaidizi.

Sombe alipikia kwa Agnès, yaya. Mi nilienda kukula. Mutu akiitwa bukari, atakatala?

Kontra yako shefu aliisoma, akasema ni muzuri. Doktere alimupima, kifua ni safi. Dossier, karatasi zake zote, ilienda Lubumbashi, tunangojea.

Foto ilikuwa vita. Domingas hajapigwaka foto hata siku moja. Aliogopa ile kitambaa meusi ya mupigaji, akasema kuko mutu mwingine ndani. Alikataa kusimama peke. Basi nilisimama pembeni yake kwa ile ya kwanza, ajue haiume. Ya pili alisimama mwenyewe, hiyo njo ya viza. Shefu alitwala zote za ile ya pili, hakubakisha. Ile ya kwanza haina kazi ku biro, njo ninakutumia, na mi niko ndani, unisamehe kuharibu.

Ananifundisha luga ya kwao. Mi ninamufundisha kusema "bonjour citoyen" ku biro, anasema na adabu sana, mupaka polisi wa mulango anasimama wima.

Kila siku anauliza kama Mbelu anasukwa na nani. Usiache mutoto na kichwa ya kichaka.

Mudogo yako,
Omer


Kolwezi, le 13 avril 1975

Omer,

Foto ilifika.

Mukono yako ya kulia ninaiona. Iko na kasketi. Ya kushoto sioni. Iko wapi? Iko nyuma yake.

Anacheka mu foto. Hapa kwangu, tangu alifika, hakucheka vile. Alikuwa anacheka na kinywa ya kufunga.

Banza aliniambia. Alikuona ku soko. We unabeba kitunga, yeye anatembea mbele mikono wazi. Mwanaume wa gare kubeba kitunga ya mutumishi ya mwenzake. Banza alicheka. Aliniambia mbele ya bale ba equipe yangu ya kazi, na bo bakacheka. Sasa pa kazi bananiita "patron wa Dilolo". Nilipiga mumoja wabo ngumi. Balinikata mushahara.

Nguo yenye anavaa mu foto, nani alimununulia? Hakutoka hapa na ile.

Asali, Mbayo alikunywa yote siku moja. Anakohoa tu.

Mbelu anasukwa na jirani. Mubaya.

Kwa nini viza inakawia? Bengine bananiambia inachukua siku kidogo. Ao kuko mutu anaikawisha?

Ngeleka


Dilolo, le 4 mai 1975

Yaya yangu,

Nakusalimia na heshima. Mi ni muzima. Nilikaa siku mingi bila kuandika, juu barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena.

Mukono yangu ya kushoto ilikuwa mu mufuko. Nguo ni ya Agnès, alimukopesha. Kitunga nilibeba juu ilikuwa na samaki ya Agnès, na Domingas alitoka kwa doktere, sindano iliuma bega. Hiyo njo yote. Viza si mi ninaikawisha. Ngambo ya pili, Angola, bunduki zinalia, bantu banavuka kila siku na bitanda ku kichwa, na biro imejaa mpaka inje.

Uko jaloux, yaya, uko na wivu. Si aibu. Lakini ya nani? Ya mutumishi?

Sikiliza mudogo yako, hata mi ni mudogo. Kama ule mama ni wako, uniandikie neno moja tu. Hata haitaonekana ku biro, hata Kazadi hataisikia, nitaichoma ku moto. Tangu ile siku nitamuita muke wa yaya. Nitapiga mikono ya heshima nikipita mbele yake, na kitunga ataibeba mwenyewe. Unajua vile tulilelewa, ya mukubwa haiguswe. Lakini kama ni mutumishi vile unaandikaka, basi kitunga ya mutumishi ni kitunga tu, na mi niko kijana, na Dilolo ni ya wote.

Yeye pia aliniuliza. Tulikuwa tunachambua mboga kwa Agnès, akasema:

— Omer, kaka yako ananingojea mi, ao anangojea mupishi?

Nikasema mi sijui. Agnès alisema, "Mwanaume wa kutojua, akufe na njaa!" Tulicheka, lakini yeye hakucheka.

Ingine ni ya nguvu, usome muzuri. Shefu alisema viza iko karibu kufika. Lakini kuna amri: mugeni mwenye hana patron, ao hana bwana, hatakaa huku. Banamurudisha ngambo. Jina yako ku ile kontra njo inamushikilia. Usiiguse.

Neno moja, yaya. Ninangojea.

Mudogo yako wa tumbo moja,
Omer


Kolwezi, le 18 mai 1975

Omer,

Neno yenye unaomba si neno ya barua. Mutu anaisema akiangalia mutu. Bakwe batanifungula kilio majira ya kavu ikiisha. Si mbali. Nitasema siku ile, kwa mwenyewe, si kwako.

"Mi niko kijana." Nilisoma hiyo. Nilisoma na nikarudilia.

Sasa nimemaliza. Siku ya vendredi nilitoka ku kazi, nikaenda ku biro ya bageni ya hapa. Nilibaambia batoshe jina yangu ku ile kontra. Mi si patron tena. Balinitazama, bakauliza mara mbili. Nikasema ndiyo. Balipiga muhuri, bakasema batatuma simu kwa shefu wako wa miwani.

Basi hakuna viza ya kungojea. Hakuna biro, hakuna doktere, hakuna foto. Hana kazi ya kukaa Dilolo. Alikuyaka kwangu ile mwanzo bila karatasi, atakuya tena bila karatasi. Mupandishe mu treni ya samedi. Nitamufwata pa gare mwenyewe. Agent akirudia, tutaona.

Banza anachukua hii barua leo. Usiseme haikufika.

Mi mukubwa,
Ngeleka


Dilolo, le 11 juin 1975

Yaya,

Umefanya nini?

Simu ilifika mbele ya barua yako. Siku ya lundi asubui polisi balikuya kwa Agnès. Bale balikuwa banasimama wima akisema bonjour citoyen, njo balimukamata mukono. Balisema patron amemukatala. Hakuna patron, hakuna viza, atoke. Alikuwa anaosha samaki. Alienda na harufu ya samaki ku vidole, na kanga moja.

Balimuweka pa mupaka na bengine, chini ya jua, bangoje camion, lori ya kubavusha. Ngambo moshi ilikuwa inapanda, tuliiona na macho.

Banza alinipa barua yako palepale, nikakimbia nayo ku biro. Nikamuambia shefu, mi nitakuwa patron. Akasema: "Citoyen Kanku, ruhusa ya kazi ni ya patron moja. Mwingine akitaka, anaanza yote mwanzo, na mugeni anangojea kwao." Nikamuambia kwao kunaungua. Akatosha miwani, akaifuta na shati. Akasema: "Ni bibi yako?"

Yaya, nilingojea ile neno yako tangu mwanzo wa mwezi ya tano. Ningekuwa nayo, ningesema, ni wa kaka yangu, na shefu angengojea we ufike. Sikukuwa nayo. Nilikuwa na barua yako yenye inasema we si patron tena.

Nikasema: ni bibi yangu.

Akasema, basi aseme mwenyewe. Tulienda pa camion. Nilimuambia Domingas yote mbele ya bantu, simu, muhuri, jina yako kutoka. Nilimuambia kama hataki, nitapanda naye camion, tutavuka pamoja. Aliangalia chini. Kiisha akasema:

— Ule wa Kolwezi alitosha jina yake. Huyu anaweka yake. Andika.

Tuliandikisha ku commune ile siku. Agnès alikuwa shahidi, na shefu wa gare.

Sitakudanganya. Sikulia. Nilikuwa ninamupenda, na ninafikiri ulijua mbele yangu. Lakini mikono yangu ilikuwa safi mpaka ile simu ilifika, hiyo ninaapa ku kaburi ya mama.

Baba na mama habako. We njo baba. Bila neno yako, hii ndoa iko ya karatasi tu. Ukuye, ao utume neno. Hasira yako nitaibeba, nimestahili yangu. Yeye asiibebe.

Mudogo yako,
Omer


Dilolo, le 20 juillet 1975

Yaya,

Jambo kwako na kwa batoto. Shiye bote tuko bazima.

Banza anasema barua alikupa ku mukono, ukaiweka mu shati, ukaenda kupakiza majiwe.

Hata matusi, uandike.

Mudogo yako,
Omer


Kolwezi, le 7 septembre 1975

Omer,

Jambo. Batoto ni bazima. Mbayo alirudia Mutshatsha. Alisema nyumba yangu ina baridi.

Bakwe balinifungula. Dimanche ya kupita. Balinikata kitambaa meusi, balininyoa, balinipaka pemba, udongo mweupe, balikunywa. Kazadi alikuwa muzuri sana. Alinishika bega. Alisema, shemeji, sasa tafuta mwanamuke. Alisema, ule wa Angola alichunga batoto ya dada yangu muzuri, mi sina neno naye, iko wapi? Nilimuambia aliolewa. Akasema, ah, ulikawia. Akaomba pombe ingine.

Batoto nilibaambia. Mbelu aliuliza, na nani? Nikasema na baba yenu mudogo. Akapiga mikono. Akasema, basi ni mama yetu mudogo sasa, ni wa kwetu. Akaenda kuambia bajirani.

Foto nilikata. Kipande yako nilitupa. Kiisha nikaona vidole bine ku bega yake, mbele nilizani ni maua ya nguo, bilibakia ku kipande yake. Mu mufuko, ulisema.

Neno yenye unaomba, nitaitoa. Mi njo mukubwa, sitaacha bantu baseme famille yetu haina adabu. Ndoa ni ya kweli. Nimesema. Uonyeshe hii barua kwa mwenye anataka. Sasa ule mama ni kama mutoto yangu muke. Ataniita tata, ni kusema baba.

Agent wa bageni alipita mu kamp tena, ileile. Aliuliza mutumishi wangu. Nilimuambia iko wapi, na kwa nani. Akafurahi. Akasema, sasa ni muke wa mutu wa hapa, ni famille yako, hakuna viza, hakuna ruhusa. Anaweza kuya Kolwezi siku yote, kulala mu nyumba yako siku yote, hakuna mutu atakuuliza kitu.

Omer, usimulete.

Tata mukubwa,
Ngeleka